Barua ya wazi kwa watunga sera: ukiona vyaelea, vimeundwa

Waheshimiwa mawaziri, makatibu wakuu na wakurugenzi wa mipango katika nchi zenye kipato kidogo. Nanyi wakuu wa benki na mashirika yanayozikopesha na kuzifadhili,

Nawasalimu kwa heshima. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara: namna sera za umma zinavyotungwa katika nchi tajiri, namna zinavyotungwa katika nchi maskini, na jinsi ulinganisho tuliouzoea unavyotupoteza njia.

Ulinganisho huo anaujua kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wadau. Mshauri mwelekezi anafungua jedwali. Upande mmoja zipo nchi zilizoendelea, upande wa pili tupo sisi. Wao wana sheria ya manunuzi, mamlaka huru ya udhibiti, mkakati wa miaka kumi. Sisi hatuna, au tunavyo nusunusu. Kikao kinafungwa kwa azimio kwamba kilichokosekana kiandikwe. Kinaandikwa, kinazinduliwa kwa picha na hotuba, na miaka mitatu baadaye muuguzi wa zahanati aliyepaswa kuitekeleza sera hiyo hajaiona hata nakala yake. Tunalinganisha maandishi, ilhali tofauti kubwa iko katika yale yanayofuata baada ya waziri kuweka sahihi.

Chukueni mwaka 2020, ambapo karibu dunia nzima ilipewa sera moja kwa wakati mmoja: watu wakae ndani, korona isisambae. Machi 20 serikali ya Uingereza iliahidi kulipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyepumzishwa kazi, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, na siku tatu baadaye ikatoa amri ya kukaa nyumbani. Fedha zile zilipitia mfumo wa kodi ya mishahara, ambao tayari ulimjua mwajiri, mwajiriwa na kiasi anacholipwa. India nayo ilitangaza amri yake Machi 24, saa mbili usiku, nayo ikaanza kutumika saa sita usiku huohuo. Mamilioni ya vibarua waliohamia mijini waliamka hawana kazi, hawana kodi ya chumba, na treni zimesimamishwa. Wakaanza kutembea kurudi vijijini kwao, mamia ya kilomita kando ya barabara kuu, mzigo kichwani na mtoto begani. Serikali ilitangaza msaada wa chakula na fedha baada ya siku mbili, lakini kadi za chakula za wengi wao zilikuwa zimeandikishwa kijijini, na wenyewe walikuwa mjini au njiani.

Amri ni ileile. Mmoja alibaki ndani kwa sababu mshahara uliendelea kuingia. Mwenzake alitoka kwa sababu hapakuwa na daftari lolote la serikali lililojua yuko wapi na anamfanyia nani kazi. Mtu akiandika tasnifu ya kulinganisha matangazo mawili yale ataona yanafanana sana. Akilinganisha kilichokuwa chini ya matangazo ataona nchi mbili zilizokuwa zinafanya mambo tofauti kabisa.

Na hicho cha chini hakikujengwa kwa mpango wa miaka mitano. England ilipitisha sheria ya kujenga shule za msingi pale zilipokosekana mwaka 1870. Kumlazimisha kila mtoto ahudhurie kulikuja 1880. Ada ilianza kuondolewa kwa wengi 1891. Hiyo ni miaka 21 ya kuongeza hatua moja juu ya nyingine, katika nchi iliyokuwa na himaya na viwanda. Japani ilitoa agizo lake la elimu 1872, na ada ya shule za msingi ikafutwa 1900. Sasa tazameni Malawi, iliyofuta ada 1994 na kuona wanafunzi wa shule za msingi wakiruka kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 ndani ya mwaka mmoja. Uganda ikafuata 1997. Kenya mwaka 2003 ilitoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, na yapo madarasa yaliyopita watoto mia moja, mwalimu mmoja mbele na chaki yake.

Sisemi watoto wale wangeambiwa wasubiri miaka 21. Mtoto wa miaka saba hana miaka 21 ya kusubiri, na viongozi waliofungua milango walifanya jambo la haki. Ninachosema ni kwamba waliofungua milango walistahili kulinganishwa na England ya 1880, wakati mabaraza ya shule yalipokuwa yanahangaika na wazazi wasiotaka kupoteza nguvu kazi ya watoto. Walilinganishwa na England ya leo, wakapewa alama za chini, na wakashauriwa waandike mkakati wa ubora wa elimu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda alikuwa na muda ambao serikali inayopigiwa kura na watu wote, kila baada ya miaka mitano, haina.

Kuna suala la fedha, nalo nitalipita haraka kwa sababu mnalijua kuliko mimi. Nchi za OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, hukusanya kodi kwa wastani wa takriban asilimia 34 ya pato la taifa. Nchi za Afrika hukusanya karibu asilimia 16, tena ya pato lililo dogo sana kwa kila mtu. Hata Uingereza, iliyoanza kutoza kodi ya mapato 1799, iliifuta 1816 na kuirudisha 1842. Kujenga serikali ambayo raia wako radhi kuilipa ni kazi ya vizazi. Basi nchi inayokusanya nusu ya kiwango cha mwenzake ikinakili orodha yake nzima ya ahadi, inajua siku ya kwanza kabisa kwamba sehemu ya ahadi hizo haitatimizwa, na wananchi nao watajua muda si mrefu. Wakishajua, hawaiamini hata ile sehemu ambayo ingewezekana.

Takwimu ndizo ningependa tukae nazo zaidi. Uingereza imekuwa ikihesabu watu wake kila miaka kumi tangu 1801, ikaruka 1941 tu kwa ajili ya vita. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa ya mwisho 1984. Nigeria, nchi yenye watu wengi kuliko zote barani Afrika, ilifanya ya mwisho 2006. Angola ilikaa bila sensa kamili kutoka 1970 hadi 2014, ikipita vita vya ukombozi na vya wenyewe kwa wenyewe katikati. Afisa mipango anayegawa vituo vya afya kwa makadirio yaliyoanzia hesabu ya miaka 40 iliyopita anabahatisha, hata awe na shahada ya chuo gani. Na si watu tu wasiohesabiwa. Novemba 2010 Ghana ilipitia upya namna ya kukokotoa pato lake la taifa, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko ulivyodhaniwa. Aprili 2014 Nigeria ilifanya hivyohivyo, ukaongezeka kwa asilimia 89. Hakuna kiwanda kilichoota usiku ule wala shamba lililopanuka. Ni kwamba kwa miaka mingi simu, filamu, benki na biashara ndogondogo zilikuwepo na hazikuingizwa vizuri kwenye hesabu, na kila uwiano uliotajwa bungeni, wa kodi kwa pato, wa deni kwa pato, ulikuwa umepinda.

Waheshimiwa, idara ya takwimu haina utepe wa kukata. Ndiyo maana fungu lake hukatwa kwanza bajeti inapobana. Lakini sera isiyojua watu wake ni wangapi na wanaishi wapi haiwezi hata kujua kwamba imeshindwa.

Msinielewe kwamba nchi tajiri zina busara zaidi. Uingereza hiyohiyo ilianzisha kodi ya kichwa kwa kila mtu mzima, Scotland 1989, kisha England na Wales 1990, ambapo tajiri na mtu wa kipato cha kawaida waliokaa eneo moja walidaiwa kiasi kilekile. Mamilioni waligoma kulipa, ghasia zikazuka London Machi 1990, na 1993 kodi ile ikabadilishwa. Australia ilianzisha mpango wa kudai marejesho ya posho za ustawi kwa kompyuta, uliokuja kujulikana kama Robodebt. Kompyuta ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ikayagawa sawasawa kwa kila wiki mbili, na ikamhukumu kwamba alidanganya kama alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa na kukaa bila kazi miezi mingine. Barua za madai zikaenda kwa mamia ya maelfu ya watu wa kipato cha chini, ambao sasa walitakiwa kutafuta hati za mshahara za miaka iliyopita ili wajitetee dhidi ya deni ambalo wengi hawakuwa nalo. Familia zilivunjika moyo, na wapo waliojiua. Na Marekani, inayotumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwa afya, wananchi wake wanaishi miaka michache kuliko wa Costa Rica. Thailand haikuwa nchi tajiri ilipowapa wananchi wake wote bima ya afya mwaka 2002.

Tofauti naiona katika kilichofuata kosa. Robodebt iliburuzwa mahakamani, ikaonekana haikuwa halali, fedha zikarejeshwa, na tume ya kifalme, yaani tume ya uchunguzi ya ngazi ya juu kabisa, ikawaita mawaziri na makatibu wakuu kuhojiwa mbele ya kamera, kisha ikatoa ripoti yake Julai 2023 kwa kila mtu kuisoma. Ilichukua miaka mingi mno, na aliyefiwa hakurudishiwa mtu wake. Hata hivyo njia ya kulifikia kosa ilikuwepo: mahakama inayosikilizwa, waandishi wasioogopa kuuliza, mkaguzi ambaye ripoti yake haifungiwi kabatini. Kama kuna kitu cha kunakili kutoka nchi tajiri, ni hiki, nacho hakimo katika majedwali ya washauri waelekezi kwa sababu hakiandikwi kwa miezi sita na kukabidhiwa kwenye hafla.

Wala msidhani kwamba nchi maskini hazina chao cha kufundisha. Mexico ilipoanza mpango wa Progresa mwaka 1997, wa kuzipa fedha familia maskini zinazopeleka watoto shule na kliniki, haikuwa na uwezo wa kuanza kila mahali kwa mara moja. Wasimamizi wake waliugeuza upungufu ule kuwa chombo cha kujifunza. Katika jamii 506 za vijijini walizochagua kwa tathmini, 320 zilianza mapema na 186 zilisubiri zamu, na mpangilio huo ukawaonyesha fedha zile zilileta nini hasa. Mahudhurio yalipanda, zaidi kwa wasichana wa sekondari. Chama tawala kiliposhindwa uchaguzi wa 2000, mpango haukufutwa. Ulibadilishwa jina na kupanuliwa, maana matokeo yake yalikuwa mezani na ilikuwa vigumu kwa yeyote kuyapuuza. Mwaka 2007 New York, mojawapo ya miji yenye fedha nyingi zaidi duniani, ikaiga mpango huo. Matokeo yakawa hafifu kuliko ya Mexico, nao ukafungwa baada ya miaka michache. Kunakili bila kupima kama udongo ni uleule hakumpendelei tajiri.

Na Uganda. Mapema miaka ya 1990 serikali ilikuwa inatuma ruzuku kwa shule za msingi kwa kila mwanafunzi, na vitabu vya hazina vilionyesha fedha zimetoka. Watafiti wakafanya jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida: walikwenda shuleni wakafungua daftari la mapokezi na kuuliza kilichofika. Kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, kilichofika kilikuwa asilimia 13. Kilichobaki kilikwama wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea, mahali ambapo mzazi anayekuja kumchukua mtoto anaweza kusoma. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilichofika kilizidi asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko yale kilitokana na magazeti na kiasi gani kilitokana na hatua nyingine za wizara, na ubishi huo una maana. Lakini hakuna anayebisha kwamba kabla ya mtu kwenda kufungua daftari la shule, sera ile ilikuwa inahesabiwa kuwa inatekelezwa.

Kenya ilitoa somo la upande wa pili. Walimu wa mkataba waliongezwa katika shule kwa jaribio moja, sehemu moja likiendeshwa na shirika lisilo la kiserikali na sehemu nyingine na serikali yenyewe. Chini ya shirika, alama za watoto zilipanda. Chini ya serikali hazikusogea. Sera ilikuwa moja, mafunzo yaleyale, watoto wa aina ileile. Kwa hiyo mtu akiwaletea ushahidi kwamba jambo fulani "limefanya kazi" mahali fulani, ulizeni lilifanywa na nani, na kama huyo ndiye mtakayemkabidhi ninyi.

Sasa niwageukie mnaokopesha na kufadhili. Katika miaka ya 1980 masharti ya mikopo yalizisukuma nchi nyingi kumtoza mgonjwa ada kwenye vituo vya serikali, kwa jina la kuchangia gharama. Hesabu kwenye karatasi ilikuwa safi. Uganda ilipofuta ada hizo 2001, wagonjwa waliongezeka sana vituoni, na walioongezeka zaidi ni maskini, maana yake ni kwamba kwa miaka yote ile walikuwa wanaugua nyumbani. Waliobuni masharti hawakuwa wanapigiwa kura na wagonjwa wale, na wala hakuna tume iliyowaita kuhojiwa. Hapa ndipo ulinganisho kati ya tajiri na maskini unapouma zaidi kwangu: waziri wa nchi tajiri akikosea anawajibika kwa watu aliowakosea, sera ya nchi maskini mara nyingi ina mwandishi wa pili ambaye hawajibiki kwa yeyote anayeishi chini yake.

Bado hadi leo mnatoa fedha kwa kuhesabu sheria zilizopitishwa, mamlaka zilizoundwa na mikakati iliyozinduliwa, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Mnapata mnachokihesabu. Katika Azimio la Paris la 2005, makubaliano ya wafadhili na nchi zinazopokea misaada, mliahidi kutumia mifumo ya nchi zenyewe, lakini idara moja ya afya bado hujaza ripoti za wafadhili mbalimbali, kila mmoja na fomu yake na mwezi wake wa kufunga hesabu. Muda wa katibu mkuu mwenye uwezo ni rasilimali adimu kuliko fedha zenu, na mnautumia kwenye kupokea wajumbe wenu na kuhudhuria warsha. Wakati huohuo Umoja wa Mataifa umehesabu zaidi ya watu bilioni 3 wanaoishi katika nchi ambazo serikali zao zinalipa fedha nyingi zaidi kwa riba ya madeni kuliko zinavyotumia kwa elimu au kwa afya. Mtu asiwalaumu watunga sera wa nchi hizo kwa kukosa maono kabla hajaangalia safu hiyo ya bajeti.

Lakini, waheshimiwa wa serikali, riba na masharti si kinga yenu. Yapo mnayoweza kuanza bila ruhusa ya mtu.

Kila rasimu ya sera inayofika baraza la mawaziri iambatane na ukurasa mmoja unaotaja cheo cha mtumishi wa ngazi ya chini kabisa atakayeitekeleza, kazi alizonazo tayari, na ipi kati ya hizo ataacha kuifanya ili apate muda wa hii mpya. Najua swali la mwisho halipendwi. Ndilo linalopima kama sera ni ya kweli, kwa sababu muuguzi aliye peke yake zamu nzima hawezi kuongezewa rejista nyingine bila kuacha kitu, na msipomchagulia cha kuacha, atachagua mwenyewe.

Pale ambapo fedha hazitoshi kuanza nchi nzima, semeni hivyo, anzeni kwa awamu na mtumie zamu kupima, kama Mexico. Wilaya iliyosubiri isifichwe kwamba inasubiri. Tathmini ifanywe na watu ambao hawakuandika sera, na itangazwe hata kama ni mbaya, hasa kama ni mbaya. Mtumishi anayeleta habari kwamba mpango haufanyi kazi asihamishiwe kituo cha mbali. Hili la mwisho halihitaji mkopo wala mshauri; linahitaji katibu mkuu mmoja aliyeamua.

Na ruzuku yoyote inayokwenda shule, zahanati au kijiji, kiasi chake kibandikwe mahali inapoishia, kwa lugha inayosomwa na watu wa pale, siku ileile inapotoka hazina.

Mwisho naomba jambo dogo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulijibu kabla ya kikao kijacho cha bajeti. Chapisheni orodha ya sera zote za kitaifa zinazohesabika kuwa bado zinatumika, na mbele ya kila moja andikeni ofisi inayoitekeleza, fedha zilizotengwa, fedha zilizotoka kweli, na tarehe ambayo itapitiwa upya. Zile ambazo safu zake zitabaki tupu, zifuteni kwa tangazo rasmi bungeni, ili maafisa wa wilaya wajue ni zipi hawadaiwi tena. Orodha ikitoka, mimi na wengine wengi tutaisoma mstari kwa mstari, na tutawaandikia tena.

Wenu kwa heshima,

Mwananchi mlipakodi